Barua za Wasomaji: Wazo Lililopiga Hodi na Wazo Lililokaribishwa

Barua nyingi zilizofika katika safu hii tangu toleo lililopita zinahusu mawazo: yale yanayomjia mwamini bila kualikwa, yale anayoyaendea mwenyewe usiku, na yale yanayobaki yakimshitaki hata baada ya kutubu. Nimechagua nne, na nimeondoa majina na mambo yanayoweza kumtambulisha mwandishi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu hofu iliyomo naikuta kwa waumini wengi walio waaminifu, na kwa sababu naona mahubiri yetu wenyewe yamechangia kuipalilia.

"Maneno ya kufuru hunijia ninaposali"

*Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwimbaji wa kwaya na mama wa watoto watatu. Tangu mwaka jana, kila ninapoinama kusali, maneno ya kumtukana Mungu na Roho Mtakatifu hunijia kichwani, maneno ambayo sijawahi kuyatamka kwa kinywa. Huzidi ninapokaribia Chakula cha Bwana. Nimefunga, nimekesha, nimeombewa, na mama mmoja wa maombi akaniambia kwamba lazima kuna mlango nilioufungua. Siku hizi wazo likija naanza sala upya, na sala fupi inachukua saa nzima. Nimesoma kwamba anayemkufuru Roho Mtakatifu hasamehewi milele, nami nimeacha kushiriki. Je, nimekwisha kupotea?* (Mwanakwaya, Iringa)

Dada mpendwa, Amina. Hapana, hujapotea, nami nakuomba uzisome sababu zake taratibu, maana moyo ulioingiwa na hofu ya namna hii hautulizwi kwa kuambiwa tu usiogope.

Tuanze na andiko linalokutisha. Katika Marko sura ya 3, waandishi walioshuka kutoka Yerusalemu hawakukana kwamba pepo wanatolewa; walichoamua ni kuwaambia watu kwamba Yesu, anayewatoa, ana Beelzebuli, na kwamba anawatoa kwa mkuu wa pepo. Hapo ndipo Yesu aliposema juu ya dhambi isiyosamehewa, na Marko anaitaja sababu yake katika mstari wa 30, kwamba ni kwa vile walivyosema kuwa ana pepo mchafu. Hao walikuwa watu walioitazama kazi ya Mungu mchana kweupe, wakaamua kuiita kazi ya Shetani ili wengine wasiifuate, wala hatusomi kwamba jambo hilo lilimnyima hata mmoja wao usingizi. Wewe unayachukia maneno yanayokujia kiasi cha kuiacha meza unayoipenda ili usiichafue. Sioni namna ya kukuweka katika kundi moja na waandishi wale.

Sasa kuhusu mawazo yenyewe. Wengi wetu, bila aliyetufundisha kukusudia hivyo, tumekua tukidhani kwamba kila kilichopita kichwani ni chetu, na kwamba tutaulizwa habari zake kama tutakavyoulizwa habari za matendo. Wakristo waliokwenda kuishi katika majangwa ya Misri katika karne ya 4, ambao kupambana na mawazo ilikuwa kazi yao ya usiku na mchana, hawakufundisha hivyo. Evagrius wa Ponto, aliyefariki huko mwaka 399, aliyataja mawazo makuu yanayomsumbua mtu wa Mungu kuwa manane, yaani ulafi, uasherati, tamaa ya fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kupenda sifa na kiburi. Na papo hapo akaweka mpaka, kwamba mawazo hayo yatusumbue au yasitusumbue, hilo haliko katika uwezo wetu, bali yakae ndani yetu au yasikae, hilo ndilo lililo katika uwezo wetu. Mzee mwingine wa jangwa lile, Abba Poemen, alijiwa na ndugu aliyelalamika kwamba mawazo mengi yanamhatarisha. Akamtoa nje, akamwambia atanue kifua chake wala asivute hewa. Ndugu yule akasema hawezi. Mzee akamjibu kwamba kama hilo haliwezi, basi hawezi pia kuyazuia mawazo yasimjie, lakini anaweza kuyakataa.

Kwa desturi zetu, anayepiga hodi bado yuko nje, na mwenye nyumba hahesabiwi kuwa amemkaribisha kwa sababu tu ameisikia sauti yake mlangoni. Yakobo anaonyesha nafasi hiyo anaposema kwamba tamaa ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi (1:15): kati ya kujaribiwa na kutenda dhambi kuna mahali ambapo nia inakubali au inakataa. Na ikiwa bado una shaka, mtazame Bwana mwenyewe nyikani. Pendekezo la kumsujudia Ibilisi, ambalo ni kufuru kubwa kuliko yote, lilimfikia akalisikia, naye hakuwa na dhambi, kwa maana hakulipokea. Waraka kwa Waebrania unasema alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi (4:15). Kama kulisikia neno la kufuru ndani ya fahamu zake kungekuwa dhambi, mstari huo usingeweza kuandikwa.

Kuna jambo jingine katika barua yako ambalo mama wa maombi hakuliona, nalo ni kule kuanza sala upya. Madaktari wa afya ya akili wanaujua vizuri ugonjwa ambao mawazo ya kuchukiza, ambayo mara nyingi hugusa kile kile ambacho mtu anakithamini kuliko vyote, humrudia asipoyataka, naye hujaribu kuyafuta kwa kurudia tendo fulani. Mwingine huosha mikono mara kwa mara, mwingine hukagua komeo la mlango usiku kucha, na mcha Mungu hurudia sala. Marudio hayo humtuliza kwa muda mfupi tu, kisha humfundisha kwamba hatari ilikuwa ya kweli, hata wazo likirudi linakuja na nguvu zaidi. Si jambo geni katika historia ya kanisa. John Bunyan, mhubiri wa Bedford, Uingereza, katika karne ya 17, alieleza jinsi alivyoteswa kwa muda mrefu na wazo lililomwambia amuuze Kristo, wazo lililomfuata hata mezani, naye akaamini kwamba amekwisha kupotea. Baadaye ndiye aliyewafariji maelfu.

Siwezi kukupima kwa barua, wala si kazi yangu. Lakini ninayajua ya kutosha kukuambia uende hospitali ya rufaa ya mkoa wako ukaulize kitengo cha afya ya akili, ukaeleze kila kitu, pamoja na yale maneno unayoyaonea haya. Nao wakiona haja watakuelekeza kwingine, kwa mfano Hospitali ya Mirembe iliyoko Dodoma. Shida ya namna hii ina tiba ya mazungumzo, na wakati mwingine dawa. Kwenda huko si kupungukiwa na imani. Paulo hakumkemea Timotheo kwa sababu ya tumbo lake wala hakumwambia atafute mlango alioufungua. Alimshauri atumie mvinyo kidogo (1 Timotheo 5:23). Na wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu wakataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, Bwana aliukataa ule mjadala kabla ya kumponya. Mama yule alikuombea kwa upendo, sina shaka. Ila kumwambia mtu mwenye hofu kwamba amefungua mlango asioujua ni kumpa kazi ya kuutafuta maisha yake yote.

Huenda pia umesomewa 2 Wakorintho 10:5, kwamba tunateka nyara "kila fikira ipate kumtii Kristo", ukadhani umeagizwa kuikamata kila cheche inayopita akilini. Soma sura hiyo tangu mwanzo. Paulo anawajibu watu wa Korintho waliomdharau na kumwona kama aenendaye kwa jinsi ya mwili. Ngome anazozungumzia ni hoja na majivuno yanayoinuka dhidi ya kumjua Mungu. Ni mafundisho na fikira zilizojengwa zikasimama, ambazo watu huzitegemea na kuzitetea. Andiko hilo lina kazi kubwa kwa mtu anayejitengenezea sababu za kumchukia jirani yake, au anayeamini kwamba fedha itamwokoa. Halikuandikwa liwe fimbo ya kumpiga mwanamke anayelia kwenye mkeka wake wa sala.

Kwa hiyo fanya hivi. Sali kwa ufupi. Neno la kufuru likija, usilijibu, usilikemee kwa kelele, usianze upya. Endelea na neno linalofuata katika sala yako kana kwamba mtu amekohoa chumbani. Mwanzoni hofu itapanda, na utaona kana kwamba umemdharau Mungu. Vumilia, usiirudie sala. Jumapili ambayo Chakula cha Bwana kitaandaliwa, nenda. Mweleze kwanza mchungaji wako kwa faragha, ili usiibebe siku hiyo peke yako. Na unapotafuta mlinzi wa mawazo yako, usijitazame mwenyewe, kwa maana umekwisha kuchoka. Wafilipi 4:7 inasema kwamba amani ya Mungu "itawahifadhi mioyo yenu na nia zenu katika Kristo Yesu". Hapo zamu ya ulinzi haikukabidhiwa kwako. Amekabidhiwa yule ambaye Zaburi ya 121 inamwita mlinzi wa Israeli, asiyesinzia wala kulala usingizi, na ndiyo sababu wewe unaruhusiwa kulala.

"Nafuta, natubu, narudi"

*Mchungaji, salamu katika jina la Yesu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu na kiongozi wa sifa katika umoja wetu wa Wakristo. Usiku, nikiwa na simu peke yangu, hujikuta naangalia video za ngono. Nafuta, natubu, naapa sitarudia, na baada ya siku chache narudi. Nimejaribu sana kulinda mawazo yangu lakini nashindwa. Nifanye nini?* (Kijana, Eldoret)

Mwanangu, shida yako ni tofauti na ile iliyotangulia, wala nisingependa ujifiche nyuma ya majibu niliyompa dada yetu. Yeye anaandamwa na wazo asilolitaka, wewe unaliendea. Unasema "hujikuta", lakini simu haijifungui yenyewe. Bwana aliposema juu ya mtu atazamaye mwanamke kwa kumtamani (Mathayo 5:28), alisema juu ya macho yaliyopelekwa mahali kwa kusudi. Tena walioko katika video hizo ni watu, wana wa mtu fulani, na baadhi yao hawakuwapo kwa hiari. Ni vyema ukalikumbuka hilo pia, kwa sababu toba yako imekuwa ikikuzunguka wewe tu.

Andiko ambalo wote tunalikariri, "Linda moyo wako kuliko yote uyalindayo, maana ndiko zitokako chemchemi za uzima" (Mithali 4:23), hukatwa mahali pabaya. Endelea kusoma hadi mwisho wa sura, utakuta mwalimu yule akimwagiza mwanawe kwanza kinywa, kisha macho, kisha miguu: akitenge kinywa cha ukaidi, macho yake yatazame mbele, ausawazishe mwendo wa mguu wake wala asigeuke kwa kuume au kwa kushoto. Hiyo ndiyo njia ya kuulinda moyo. Wewe umejaribu kusimama zamu ndani ya fikira zako saa sita za usiku, ilhali umeuacha mguu na jicho wazi tangu jioni.

Mfano wa Daudi unanishangaza kila ninapousoma. Sura ya 11 ya Samweli wa Pili haianzi na Bathsheba. Inaanza na majira ambayo wafalme hutoka kwenda vitani, na Daudi akakaa Yerusalemu; kisha jioni akaondoka kitandani, akatembea juu ya dari ya nyumba ya mfalme. Mpaka anapomwona mwanamke akioga, mambo mawili au matatu yamekwisha kuamuliwa, wala hakuna hata moja lililoonekana kuwa dhambi. Ichunguze na wewe saa yako ya dari. Evagrius niliyemtaja juu aliwashauri watawa wayaangalie mawazo yao kwa makini, lipi huja kwanza, lipi hulifuata, na kwa majira gani, kwa sababu adui anayejulikana saa zake hapigani tena kwa kuvizia. Huenda utagundua kwamba huanguki siku unayojaribiwa zaidi, bali siku ambayo mtihani umekwenda vibaya, au umegombana na mtu wa nyumbani, au umeongoza ibada ukasifiwa sana kisha ukarudi chumbani peke yako.

Basi simu isilale karibu nawe. Iache kwa mwenzako wa chumba au chumba kingine, ununue saa ya kukuamsha ya bei nafuu, na kama kazi ya chuo inahitaji intaneti usiku, ifanye maktaba penye watu. Ni hatua ndogo, na vijana huzidharau kwa sababu hazionekani kuwa za kiroho. Mimi naziona kuwa za kiroho kuliko viapo vyako. Acha kuapa kabisa. Kiapo kinakupa fahari kwa siku mbili na aibu kwa wiki nzima, na aibu hiyo ndiyo inayokurudisha kwenye simu kutafuta faraja.

Lakini hata chumba kisicho na simu hakitoshi kikibaki kitupu. Yesu alisema juu ya pepo aliyetoka kwa mtu, akarudi akaikuta nyumba imefagiwa na kupambwa, akaenda kuwachukua wengine saba walio waovu kuliko yeye (Luka 11:24-26). Nyumba ilikuwa safi. Kilichokosekana ni mwenyeji. Ndiyo maana Paulo, akiwa kifungoni, hakuwaandikia Wafilipi orodha ya mambo wasiyopaswa kuyawaza. Aliwaandikia mambo ya kweli, ya staha, ya haki, yaliyo safi, yenye kupendeza, yenye sifa njema, akasema "yatafakarini hayo" (4:8). Chukua hata zaburi moja uishike kwa moyo, uitembee nayo kwenda darasani. Na usiwaze kwamba mambo yenye kupendeza ni nyimbo za kanisa peke yake. Mpira na wenzako, kitabu kizuri, shamba la baba yako wakati wa likizo, vyote vimo.

Mwisho, tafuta mtu mmoja mzima, mwanamume mwenzako anayeaminika, umweleze. Yakobo 5:16 inaagiza tuungame dhambi zetu sisi kwa sisi na kuombeana, tupate kuponywa. Nadhani unapaswa pia kupumzika kuongoza sifa kwa muhula mmoja, na mlezi wa umoja wenu ajue sababu. Najua utaona haya. Lakini utaanguka tena, pengine zaidi ya mara moja, na siku hiyo utahitaji mtu wa kumpigia asubuhi yake, mtu atakayekukumbusha Mithali 24:16, kwamba mwenye haki huanguka mara saba akaondoka tena.

"Nimerudishwa kundini, lakini furaha haijarudi"

*Mchungaji, amani ya Bwana. Niliwahi kutunza hazina ya usharika wetu. Nilitumia fedha za ujenzi kwa shida zangu, nikagundulika, nikatengwa. Nimezirudisha zote, nimetubu mbele ya usharika na nimerudishwa kundini. Miaka imepita, lakini kila nikiketi ibadani wazo huniambia kwamba mimi ni mwizi, na sadaka inapopita naona watu wakinitazama. Zamani nilikuwa na furaha ya wokovu. Sasa nahudhuria tu. Je, furaha ile hurudi?* (Mzee, Bukoba)

Mzee wangu, shikamoo. Umeandika kutoka mahali ambapo jambo hili lina historia. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulipofika Uganda, Bukoba na Kenya, alama yake mojawapo ilikuwa watu kurudisha mali walizoiba: fedha za waajiri, mifugo, hata vitu vidogo ambavyo mwenyewe alikwisha kuvisahau. Waliita kutembea nuruni, kwa kufuata 1 Yohana 1:7. Wewe umefanya kama walivyofanya wao. Umelipa, umesimama mbele za watu ukasema. Sasa swali lako ni kwa nini sauti ya mashitaka inaendelea wakati kesi imekwisha.

Paulo anatofautisha huzuni mbili katika 2 Wakorintho 7:10: iliyo kwa jinsi ya Mungu hufanya toba iletayo wokovu, isiyo na majuto, na ya dunia hufanya mauti. Kwa macho zinafanana, kwa kuwa zote hulia. Tofauti ni kwamba huzuni ya kwanza hukuambia jambo moja la kufanya, na ukilifanya inanyamaza. Ya pili haina jambo la kufanya, inakuambia tu wewe ni nani. Iliyokupeleka kwa mchungaji na fedha mkononi ilikuwa ya kwanza. Hii inayokuita mwizi ibadani, baada ya deni kulipwa, haikutumi kwa mtu yeyote wala haikuombi kitu. Usiijibu kana kwamba ni Roho wa Mungu.

Soma Zakaria sura ya 3. Yoshua kuhani mkuu amesimama mbele ya malaika wa Bwana akiwa amevaa mavazi machafu, na Shetani amesimama mkono wake wa kuume ili kushindana naye. Mavazi ni machafu kweli. Mshitaki hasemi uongo juu ya hilo. Wala Yoshua hajitetei, hatusomi neno lake hata moja katika njozi ile. Bwana ndiye anayemkemea mshitaki, anayemwita Yoshua kinga, yaani kijiti kinachowaka, kilichotolewa motoni, anayeamuru avuliwe nguo zile, na kilemba safi kinawekwa kichwani pake huku mshitaki akiwa bado anajua yote aliyoyajua. Ukiambiwa tena kwamba uliiba, huna haja ya kubishana. Ni kweli uliiba. Kisichokuwa kweli ni kwamba unapaswa kubaki umevaa kosa hilo.

Kisha uende Yohana 21. Petro alimkana Bwana akiwa ameusogelea moto wa makaa uani mwa kuhani mkuu, na baada ya ufufuo, ufukoni mwa bahari ya Tiberia, tunakuta tena moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Bwana aliwalisha kwanza. Walipokwisha kula, akamwuliza Petro mara tatu kama anampenda, na mara tatu akampa kazi. Petro alihuzunika alipoulizwa mara ya tatu, kwa hiyo tusidhani kwamba kurejezwa upya hakuumi. Lakini angalia ambacho hakuulizwa: hakuulizwa kwa nini alimkana, wala hakuapishwa kwamba hatarudia. Na angalia pia kwamba haya yalifanyika mbele ya wenzake, walioujua mkasa wote, ili hata wao wajue kwamba shauri limefungwa. Yuda alijuta pia, akazirudisha fedha, akakiri kwamba amekosa. Lakini alikwenda peke yake, kwa makuhani wasiojali. Naona hatari yako iko upande huo zaidi kuliko upande wa dhambi ya zamani. Unahudhuria, lakini umeacha kuwa na watu.

Nitasema waziwazi juu ya mambo mawili. Usiombe kurudishiwa hazina, hata kama wakitokea wa kukupendekeza. Kusamehewa na kukabidhiwa ufunguo ni mambo mawili, na uangalifu wa usharika juu ya fedha ni haki yao na ni kinga yako. Daudi alisamehewa, na bado upanga haukuondoka nyumbani mwake. Hayo macho wakati wa sadaka ni sehemu ya mavuno ya kosa lako; yabebe bila kuyapa maana kubwa kuliko yaliyo nayo, kwa sababu hayakuwa macho ya Mungu. Na ninyi wana usharika mnaosoma hapa, Wagalatia 6:1 inawaagiza mumrejeze upya mtu kama huyo kwa roho ya upole, huku kila mmoja akijiangalia nafsi yake. Ibada ya kumrudisha mtu kundini ikifuatwa na miaka ya kumkwepa mlangoni, ibada ile haikukamilika.

Umeuliza kama furaha hurudi. Daudi aliiomba katika Zaburi ya 51, "Unirudishie furaha ya wokovu wako", na mstari unaofuata unaniambia aliitarajia kwa njia gani: atawafundisha wakosaji njia za Mungu. Kuna vijana katika usharika wenu walioanza kazi na wanashika fedha za watu, za vikundi na za vyama vya kuweka na kukopa. Hakuna mwenye neno zito la kuwaambia kuliko wewe. Mwombe mchungaji wako akupe nafasi ya kukaa nao, bila kipaza sauti, useme jinsi shilingi ya kwanza ilivyotoka na ulivyojiambia utairudisha mwisho wa mwezi.

"Nafundisha sala, nami siwezi kusali"

*Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katekista wa kigango. Nafundisha sala, nazika wafu, naongoza ibada padre asipokuwapo. Sasa nimekauka. Nikipiga magoti sina neno, na mara nyingine nawaza heri Mungu anichukue nipumzike.* (Katekista, Kigoma)

Milele, amina. Ndugu yangu, hilo la mwisho usilifiche hata kwa siku moja. Mwambie Paroko leo, na mwambie mtu wa nyumbani. Likikujia pamoja na mpango wa kujidhuru, usikae peke yako, nenda hospitali usiku huo huo ukisindikizwa.

Eliya aliliomba neno lile lile. Chini ya mti wa mretemu, baada ya ushindi wa Karmeli na vitisho vya Yezebeli, alisema yatosha, Bwana aiondoe roho yake (1 Wafalme 19). Mungu hakumhubiria. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana, huko Horebu, na ilipokuja ilimkuta akisisitiza kwamba amesalia peke yake. Jibu lilikuwa kwamba wako watu 7,000 wasiompigia Baali goti, na kwamba aende akamtie mafuta Elisha. Mungu alimpa nabii aliyechoka chakula, usingizi, mlima, na mwishowe msaidizi.

Nawe fuata utaratibu huo huo. Lala. Kula vizuri. Nenda kapimwe, kwa maana malaria ya kujirudia, kisukari na upungufu wa damu vyote vinaweza kumfanya mtu ajione amekauka kiroho. Sala yako kwa sasa iwe ile ambayo wengine wanakusalia. Kaa nyuma, sikiliza Rozari ikisomwa, usiongoze. Na umwombe Paroko akupe mwenzako wa kushika vipindi vya watoto wa Komunyo ya Kwanza kabla Kwaresima haijaanza.